Ufagio wa Sikukuu

3 Desemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai mgongo umepoa, Baba hapo kwako hajambo, na wafagizi wako wa hospitali hawakupandishi presha. Mimi mwili mzima, ulimi ndio mgonjwa.

Nataka kurudi nyumbani. Kichina nakielewa, hata kukiandika naandika, ila kukisema siwezi. Nikifumbua mdomo darasani naanza kupima kila sauti, ipande au ishuke, mpaka mwalimu anachoka na kwenda kwa mwingine. Mtihani wa kuzungumza ni Machi. Nikianguka, ufundi wa lifti niliokuja kuusomea ndiyo basi tena. Bora nirudi kwa hiari kuliko kurudishwa. Na sasa mwaka mpya wao unakuja, wenzangu wote wanasafiri. Nitabaki na bibi mwenye nyumba, ambaye tunatazamana tu.

Nipe ruhusa.

Mwanao, Kasuku

29 Desemba

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Mgongo haujambo, na wafagizi wananiogopa kama kawaida.

Ruhusa sitoi. Hilo jina la Kasuku hukuliokota njiani: ulikuwa unasema mpaka wageni wanaaga mapema. Leo umemeza ulimi? Kwanza, sikukuu ya watu hailaliwi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una miezi kwa huyo bibi, jembe lako liko wapi? Siku hiyo amka mapema, vaa vizuri, shika ufagio, fagia nyumba yake mpaka mlangoni. Hakuna mama duniani anayemchukia binti anayefagia.

Na mtihani utaufanya. Ukianguka, uanguke umesema.

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo, ila uliniponza.

Asubuhi ya sikukuu nilifagia sebule, nikafagia chini ya meza, nikapeleka taka nje. Bibi akatoka chumbani, akauona ufagio, akapiga ukelele na kuninyang'anya. Kumbe huku siku ya kwanza ya mwaka hakufagiwi. Ukifagia, unatoa nje bahati ya nyumba nzima. Mwenyewe alikuwa ameshafagia jana yake, ndiyo maana sikupata vumbi la maana.

Machozi yakanijaa, na hasira pia. Nikaanza kusema. Nikamwambia nimelelewa na shangazi mfagizi, na kwetu anayelala siku ya sikukuu ndiye hana adabu. Nikamwambia sikutaka kutupa bahati yake, nilitaka anihesabu mwanawe. Nilisema kwa Kichina hicho hicho, Shangazi, sauti zikipanda na kushuka zilivyotaka zenyewe. Sikupima hata moja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka, akarudi na taka zangu kwenye kizoleo, akazimwaga katikati ya sebule.

"Imerudi," akasema. "Sasa kaa ule."

Tukashinda tukiliruka lile rundo, na hatukunyamaza. Wanawe walipopiga simu aliwaambia ana mgeni msemaji.

Sirudi. Mtihani niachie mimi.

Mwanao, Kasuku

2 Mei

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Huku sote wazima. Barua ya kufaulu nimeipata, na nimesoma kwamba mtahini ilibidi akuombe unyamaze ili wengine nao waingie. Huyo sasa ndiye Kasuku ninayemjua. Nimelia, sikufichi.

Juzi ilikuwa sikukuu yetu. Niliamka mapema nikashika ufagio kama miaka yote, nikafika mlangoni pa chumba chako, nikasimama. Nikajiambia huu ni upuuzi, vumbi ni vumbi. Maisha yangu yote nimefagia, bahati sijawahi kuiona ikitoka.

Nikaurudisha ufagio nyuma ya mlango. Baba yako akaniuliza kama naumwa.

"Leo hapafagiwi," nikamwambia. "Mtoto yuko mbali."

Wageni wakaja, makombo yakatapakaa mpaka kizingitini. Aibu nikaimeza. Nikakaa kwenye kiti, nikala na watu, mwaka wa kwanza tangu nijitambue.

Msalimie bibi yako. Mwambie na huku hakijatoka kitu.

Shangazi yako