Mimweko Tisa

Jumatatu, 8 Januari 2024

Theluji mpaka mlangoni pa mgodi. Gari la kazi limekwama mara mbili. Nimefika chini nimenuna, na siku ilikuwa bado haijaanza.

Profesa wetu, Si Abdelilah – "Si" ya heshima, kama "Bwana" – kaona mimweko tisa ya mwanga! Tisa, ndani ya tangi letu la gesi ya zenoni, mita mia sita chini ya mwamba, mahali ambapo hakuna kitu kinachotakiwa kumweka. Kapiga kelele hadi mafundi wa lifti wakadhani kuna moto. Maada ya giza, jamani, ile isiyoonekana na mtu, tumeikamata! Rqia, mwanafunzi wake wa uzamivu, ndiye aliyechambua data. "Shahada yako imeiva, binti yangu," kamwambia.

Mimi nimesimama na glasi yangu ya chai ya pakanga. Ile mimweko naijua mmoja mmoja. Niliitia mwenyewe kwenye kompyuta mwezi wa Oktoba.

Ndio utaratibu wetu. Kila mwaka kamati inamkabidhi mtu mmoja kazi ya kutia ishara bandia kwenye data kwa siri – au asitie kabisa. Anaandika ukweli kwenye karatasi, anaifunga ndani ya bahasha. Wengine wanachambua bila kujua. Bahasha inafunguliwa kabla mtu wa nje hajaambiwa lolote. Hivyo ndivyo tunavyojizuia kuona kile tunachokitamani. Mwaka huu bahasha ni yangu, na siruhusiwi kusema hata kwa kope.

Sitasema. Wallahi sitasema!

Alhamisi, 11 Januari

Niandike tena, nisije nikalegea.

Jicho la tangi – kile kisahani kinachokamata mwanga hafifu – nilikibuni mimi. Majira mawili ya baridi kwenye chumba kisicho na hita, vidole vimepasuka. Si Abdelilah akachukua michoro "aipitie kidogo". Ikatoka jaridani kwa jina lake peke yake. Mwishoni, mstari mmoja: tunamshukuru Bi Itto Ouhssine kwa msaada wa nyaya. Nyaya! Yeye akawa profesa, Rabat wakamwita, wakamtundikia kibao cha shaba. Mimi hadi leo ni fundi mkuu. Miaka sita nampa salamu kila asubuhi.

Leo kaja karakana kunichokonoa.

"Dada Itto, mbona umevimba hivyo? Au bahasha yako ina mambo?"

"Bahasha haisemi, Si Abdelilah. Na mimi sisemi."

"Husemi, lakini uso wako unabwabwaja. Wivu unakutafuna, mwanamke!"

Nikageukia ukuta, nikayaacha machozi yatoke. Sikuigiza, nilikuwa nayo tele. Ila nilihakikisha ameyaona. Akatoka anapiga mluzi. Kaamini! Kama mimweko ingekuwa bandia, Itto angelia ya nini? Ndivyo alivyowaza, namjua kama kiganja changu.

Jumamosi, 13 Januari

Mwaka mpya wetu wa Kiamazigh. Nimeshuka kijijini kwa mama, nimemchukua na Rqia kwa sababu kwao ni mbali. Mama kapika tagoula, uji mzito wa mahindi na siagi, na ndani kaficha kokwa ya tende kama desturi. Atakayeipata, mwaka ni wake. Tumekula polepole, kila mtu anachunga meno. Rqia kaipata. Mama kapiga vigelegele hadi jirani kachungulia.

Tukiosha vyombo Rqia kaninong'oneza, akiniita Lalla, yaani Bibi, kama kawaida yake. Tangazo ni Alhamisi hii, ukumbi wa manispaa. Waziri anakuja, na televisheni. Bahasha itafunguliwa palepale jukwaani, watu washike roho.

"Lalla Itto, si kinyume cha utaratibu?"

"Ni kinyume. Umemwambia Si Abdelilah?"

"Nimemwambia. Kasema nisimtie mkosi."

Nimesugua sufuria moja mara tatu. Rqia hataumia, najua. Kuikamata ishara bandia ni sifa kwake, maana yake macho yake ni mazima. Aibu ni ya anayepanda jukwaani kabla ya kuuliza. Nimejiambia hivyo njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 15 Januari

Nimelala kama mtoto. Si Abdelilah kanunua suti ya bluu! Kinyozi kampunguza masharubu. Nimeomba kiti cha mbele, upande wa kushoto, nimwone uso wote.

Jumatano, 17 Januari

Nimeandika barua pepe kwa kamati. Sentensi mbili: profesa anakiuka utaratibu, sherehe isimamishwe. Ni wajibu wangu, mshika bahasha ndiye anayetakiwa kupiga kelele. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Nikakumbuka alivyonichekea siku jarida lilipofika. Nikaifuta.

Basi. Kuanzia leo hii si siri ya kazi tena. Ni kisasi, na ni changu. Naona raha. Naandika hapa kwa sababu ni kweli: naona raha.

Alhamisi, 18 Januari

Ukumbini. Waziri kachelewa, saa nne na nusu sasa. Naandika magotini.

Mama yupo hapa! Amevaa shali yake ya harusi. Nimemuuliza kaletwa na nani. Si Abdelilah kamtumia gari tangu alfajiri.

Kisha mwenyewe kaja. Kambusu mama kichwani, kanisimamia mbele, na mbele ya watu wote kasema: "Itto, nimekukosea miaka sita. Lile jicho ni lako. Leo nalirudisha." Kanipa makala ya mimweko tisa. Jina la kwanza kabisa: Itto Ouhssine. Lake la mwisho. Na kile kisahani kimeandikwa Jicho la Ouhssine, kwa herufi nzito.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo makala hii iko wapi.

"Imeshakwenda, dada yangu. Jaridani na magazetini, tangu asubuhi. Kwa jina lako."

Na akatabasamu. Nimelipekua lile tabasamu, sijaona kitu. Hajui, basi ametubu kweli, na kachagua siku hii kati ya siku zote. Au anajua! Alisoma machozi yangu vizuri kuliko nilivyodhani, kanitanguliza mimi mbele nipigwe mimi. Mtu wa kwanza kwenye makala ndiye anayeulizwa kwanza. Na ishara nilitia mimi. Nani ataamini sikujua kuwa makala imetumwa kwa jina langu?

Ningeituma ile barua pepe.

Rqia ananitazama kutoka safu ya pili. Ananionyesha kidole gumba.

Waziri kaingia, watu wamesimama. Si Abdelilah yuko kwenye kipaza sauti. Ananisifu! Kataja chumba cha baridi, kataja vidole vyangu. Hakuacha kitu. Kila nilichotaka kukisikia miaka sita kinasemwa, kwa jina langu na la baba yangu, na kamera zimegeuka huku. Mama anapiga vigelegele, ukumbi mzima unamjibu. Kaniita nipande nifungue bahasha kwa mkono wangu.

Mama ananivuta kiwiko. "Inuka, mwanangu, wanakungoja, unaandika nini tena saa hizi?"

Kaita mara ya pili. Bado nimekaa –