Asilimia Thelathini na Nane za Baba

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, 9 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Mgongo unaendeleaje? Na wifi, bado anameza zile dawa za presha au amezitupa tena? Huku tu wazima, ila mimi usingizi umenipaa.

Uliniuliza kama Baba bado anaweza kuishi peke yake, nami nikakuahidi jibu. Mwezi uliopita aliacha jiko linawaka. Siku chache baadaye akaniita kwa jina la shangazi. Moyo haujatulia tangu hapo. Nikaona nimpime kwa mashindano yetu ya briji ya kila Alhamisi, ile karata ya wawili wawili ambamo mimi na yeye ni jozi moja, maana mpima ardhi mstaafu kama yeye hawezi kulalamikia kipimo.

Nilipokutumia ile asilimia hamsini na mbili tuliyopata Alhamisi iliyotangulia ulinijibu kwamba Baba kapata alama za mtoto mtoro. Sivyo, kaka. Karata za kila mgao hubaki kwenye kibao chake na kuzungushwa meza hadi meza, kwa hiyo tunashindanishwa na jozi zilizoshika karata zilezile tulizoshika sisi. Tukiipita jozi moja tunapata pointi mbili, tukilingana nayo moja, ikitupita hatuambulii kitu. Mwishoni pointi zetu zinapigiwa hesabu ni asilimia ngapi ya zote ambazo tungeweza kupata. Hamsini ndiyo katikati.

Alhamisi hii tumepata thelathini na nane. Tumekuwa wa mwisho.

Tulipokuwa tunarudi nikaanza kumuuliza Baba, kwa kuzungukazunguka, kama kichwa kinamuuma, kama analala vizuri. Tukafika mlangoni. Kisha akanikumbusha mgao mmoja. Alikuwa ameshika karata muda mrefu, nami nikajua amepotea. Alipoiweka mezani, nikaikata kwa turufu ili nimwokoe. Kumbe karata yake ilikuwa tayari imeshinda. Na haikuwa mara moja tu.

"Asilimia ni ya jozi, mwanangu," akaniambia. "Usiku kucha ulikuwa unanitazama mimi. Karata hukuzitazama."

Sasa sijui nilikuwa napima nini. Jiko liliwaka kweli, hilo siwezi kulifuta. Lakini ile thelathini na nane siwezi kumbebesha yeye.

Ameniambia hachezi na mimi tena, na anauliza wewe utakuja lini. Nikamwambia karata huzijui. Akasema, "Atajifunza. Nataka mtu wa kukaa mbele yangu asiyeniogopea."

Nisalimie wifi na watoto, na yule jirani yenu fundi saa. Mungu awalinde, awape afya na mgongo ulionyooka.

Jibu nililokuahidi sina, kaka. Njoo. Ila usije kumpima, nimeshampima vya kutosha. Njoo ukae naye mezani.

Mdogo wako asiyeacha kukupenda,
Kifungo