Muguu Muzima Kwanza

Tate,

Nakuandikia weye, mama ya mama yangu, kwa Kiswahili, kwa sababu Kifaransa hukukijua, na kwa sababu Kifaransa njo kilinikimbiza siku ile. Nitafika pale, unipe tu muda. Mama ameenda sokoni, nyumba yote iko kimya, na mimi nimekaa juu ya mukeka wako. Tangu ufe haujakunjwa. Hakuna aliyenikataza kuukunja. Nashindwa tu.

Ni mwezi wa tano sasa tangu uende, na watu bado wanakuja kukuuliza. Muzee Ramazani, yule wa machimbo ya zahabu mwenye mugongo, alikuja siku chache nyuma ya maziko. Akavua viatu mulangoni kama kawaida yake, akauliza, "Mama mukandaji iko?" Nikatikisa kichwa. "Ametoka?" Akaangalia ukuta, akaona picha yako na kile kitambaa cheusi, akaelewa mwenyewe. Akavaa viatu polepole, moja, na kingine. "Sasa huu mugongo mi nitapeleka kwa nani?" Hakukasirika. Aliuliza kweli, na mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Unanijua. Mugeni akiuliza jina langu, weye njo ulikuwa unajibu. "Anaitwa Neema. Musimusumbue, huyu kinywa chake kiko ndani ya mikono." Wanacheka, mimi nakimbilia jikoni. Sikukuambia hata siku moja kwamba nilipenda uliposema vile.

Mikono yenyewe sasa imekuwa ya ajabu. Asubuhi nikikanda unga wa mandazi ya Mama, kidole gumba kinaingia ndani kutafuta mufupa. Nakiona kinafanya hivyo, sikukituma. Halafu nasikia juu ya mukono wangu kitu kizito kidogo, chenye joto, namna ulikuwa unaweka kiganja chako juu ya changu ili kunisahihisha. Nageuka. Iko ukuta na sufuria. Sikuogopi weye, Tate. Naogopa kwamba unarudi juu ya kosa moja, lile lile.

Uliniambia kazi hii uliipata kwa mama yako, upande wa Mahagi-Port, alipokuwa anakanda mabega ya watu wa kuvuta nyavu. Na yeye aliipata kwa mama yake. Nyuma ya huyo majina yalikuwa yameisha, lakini ulijua namna huyo alivyopasha mafuta, kwa sababu njo namna ulipasha weye: chupa ndani ya maji ya moto, hapana juu ya moto. Bamama wenye kuzaa uliwakanda na vitambaa na maji ya kuchemka. Watoto wachanga uliwavuta mikono na miguu kama unatandika nguo. Na wakati watu walikimbia vijiji vyao wakalala kwenye kiwanja cha shule, ulienda na ndoo na ile chupa ya mafuta meusi. Mama ameniambia alikucheka: "Batu wana njaa, weye unawapelekea mafuta ya kupaka." Ukamujibu, "Nyumba imeungua, shamba limebaki. Miguu njo kitu moja walikuja nayo."

Sasa ile siku.

Mwalimu wa biolojia alitupa kila mutu exposé, kusimama mbele ya darasa na kueleza. Mimi akanipa massage, yaani kukanda. Darasa lote waliangalia upande wangu, kwa sababu nani hapa Nyakasanza hakukujua. Juma nzima nilikuwa nakusomea zile karatasi jikoni, nazigeuza Kiswahili. Kwamba zamani sana watu wa China walikuwa wanakandana, na wa Misri, na Wagiriki, na waganga wao waliandika mambo hayo katika vitabu. Ulikuwa unachambua maharagwe. Ukauliza, "Hao batu bote walikuwa na mugongo?" Nikasema ndiyo Tate. "Basi sawa. Nilifikiri ni siye tu." Ukacheka mpaka kikohozi kikakushika.

Nikakusomea faida. Damu inatembea. Misuli inalegea. Usingizi unarudi. Mutoto aliyezaliwa mudogo anaongeza kilo. Moyo wenye hofu unatulia. Weye ukasema karatasi imesahau kitu kimoja. "Andika: mutu mwenye hakuna anamugusa anakauka." Niliandika, Tate. Kwa Kifaransa. Bado iko ndani ya daftari.

Kisha malaria ikakulaza, siku kumi na zaidi bila kutoka kitandani. Alhamisi nilirudi kutoka shule na mvua. Kesho yake ilikuwa zamu yangu kusimama mbele ya darasa, kusema kwa Kifaransa. Nilikuwa nimebakiza mustari wa chini kabisa wa karatasi, wenye neno contre-indications. Mama alikuwa sokoni. Ukaniita, "Neema, kuja unikande kidogo. Muguu unanivuta."

Hukuwa umeniomba hata mara moja. Miaka yote ulinifundisha juu ya miguu ya wengine. Ilipaswa nifurahi. Lakini nilikuja na kalamu bado nyuma ya sikio.

Ulininyooshea muguu wa kuume, ule haukuwa na kitu. Mimi nikavuta wa kushoto, kwa sababu njo ulikuwa unauma na nilitaka kumaliza. Ukasema, "Muguu muzima kwanza."

Nilisikia. Miezi mitano nimejiambia kwamba mvua ilikuwa inapiga mabati, kwamba sauti yako ilikuwa ndogo. Nilisikia, Tate. Nilijifanya sikusikia.

Ni kitu cha kwanza kabisa ulinifundisha, nikiwa sijafika hata miaka nane. Weka viganja viwili juu ya muguu usio na ugonjwa. Ukae pale mpaka ujue joto lake na ulaini wake. Halafu, na viganja vile vile, uende kwa ule unaouma. Ukikuta umevimba upande ule mumoja tu, ni mugumu, na unawaka kuliko mwenzake, ondoa mikono. Usikande. Funika, ita pikipiki, hôpital. Nimekuona unarudisha watu hivyo, hata yule mama aliyekuja na kuku wake tayari kukushukuru. Alinuna, akaenda na kuku.

Mimi nilianza na wa kushoto, na vidole gumba, kutoka chini nikipanda juu, kwa nguvu, kwa haraka. Joto nililisikia. Nikasema moyoni ni malaria. Ningekuwa nimegusa wa kuume mbele, ningejua kwamba malaria haichagui muguu.

Na weye ukanyamaza. Hiki njo kinanitafuna. Kila siku nikikosa ulikuwa unanipiga kofi ndogo juu ya vidole. Siku ile hapana. Ulifunga macho ukaniacha. Ulijua ile joto ni nini? Ama homa ilikuwa imekuchosha mpaka mikono yako mwenyewe ikasahau? Ama ulitaka tu mujukuu wako akuguse, na kama ungesema tena ningerudi kwa karatasi zangu? Ningerudi. Hilo pia nakiri.

Nilipomaliza nikasimama bila kusema lile neno. Ulinifundisha kwamba mukandaji njo anashukuru, anauambia mwili afoyo, kwa Kialur chako, kwa sababu umekubali kuguswa. Weye njo ukasema. "Afoyo, Neema." Na mimi tayari nilikuwa mulangoni.

Asubuhi hukuweza kuvuta pumzi. Unajua yaliyobaki, ama hujui, sijui huko mnajua nini. Hôpital, daktari alifunua shuka akaangalia muguu wako. Akasema damu iliganda mule ndani, kipande kimepanda mpaka kwenye mapafu. Akauliza, "Kuna mutu alimukanda?" Mama akajibu, "Hapana, hakuna mutu alimugusa." Nilikuwa nyuma yake, nimeshika sandali zako. Nilizishika hivi, kifuani. Sikufungua kinywa.

Juma lililofuata nilisoma ule mustari wa mwisho, wa wakati hapafai kukanda. Muguu uliovimba, wenye joto. Wenye kuandika karatasi wameiweka chini kabisa, kwa herufi ndogo. Weye ulikuwa umeiweka mbele ya kila kitu.

Nilisema sitagusa mutu tena. Watu wakija, natikisa kichwa. Mama alifikiri ni huzuni, akaniacha.

Lakini mama mudogo Jolie amezaa. Ndiyo, Tate, binti yako wa mwisho, yule uliyesema atazeeka na viatu virefu vyake bila mutoto. Kamezaliwa kasichana, wamekapa jina lako. Jolie amerudi nyumbani kwake Shari na mugongo umevunjika, hajui kulala, na hakuna wa kumukanda. Jumamosi iliyopita Mama akaweka ndoo mbele yangu. "Unaenda. Ile kazi haitakufa na mama yangu, na weye umekaa unaangalia ukuta." Nikasema siwezi. "Nani anaweza? Mimi? Mimi nikimukanda nitamuvunja." Tukaenda pamoja.

Jolie alikuwa amelala, anacheka, anatukana bwana yake kwa kutengeneza chai ya chumvi. "Karibu docteur," akaniambia. "Anza na huu wa kushoto, tangu jana unaniuma." Mukono wangu ulikwenda. Na pale, Tate, nakuapia, kile kiganja kikaja juu ya changu. Kizito, chenye joto. Kikanivuta kando.

Niliweka mikono juu ya muguu wa kuume. Nikakaa pale muda murefu mpaka Jolie akauliza kama nimelala. Ulikuwa baridi kidogo, laini. Halafu nikaenda kwa wa kushoto. Ulikuwa unawaka.

Nikaondoa mikono. Nikasema, "Aende hôpital."

"Kwa muguu?" Mama akauliza. "Mutu amezaa juzi, kila kitu kinavimba. Weye unajua nini?"

"Ni sawa na wa Tate."

"Wa Tate uliujua namna gani?"

Jolie akaacha kucheka. Nilitazama chini, kama kila siku, na nikaona mikono yangu ina mafuta mpaka kwenye kiwiko. Nikasema, "Nilimukanda. Ile Alhamisi. Alisema muguu muzima kwanza, nikajifanya sikusikia."

Mama akasimama. Akatoka, nikamusikia anaita pikipiki.

Jolie anaishi. Wanamuchoma sindano kila siku, anasema tumbo lake sasa ni kama chujio. Daktari alikuwa yule yule wako. Nilimungoja kwenye baraza, na nilimuuliza mimi mwenyewe, kwa sauti yangu, kama ni mikono yangu njo ilikuua. Akasema damu kama ile inaweza kupanda hata kama mutu amelala tu, hakuna aliyemugusa. Nikangoja aongeze "si weye". Hakuongeza. Namushukuru kwa kutonidanganya, lakini nimerudi na lile shimo mahali pa neno lile, na sijui nitakaa nalo miaka mingapi.

Mama alikaa siku tatu bila kusema na mimi neno lisilo la kazi. Lete maji. Zima moto. Jana, alipotoka sokoni, mvua ilikuwa inanyesha tena. Akavua viatu, akaja hapa, akakaa juu ya mukeka huu wako. Akapandisha kitenge mpaka kwenye magoti, akanyoosha miguu yote miwili mbele yangu. Miguu yake ni kama yako, sikuwa nimeona. Akaangalia ukuta.

"Alisema mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja."

"Na mimi kila neno alikuwa ananirudilia mpaka nakasirika." Akanisogezea miguu. Kisha: "Anza."

Sikujua upi ni muzima, yote miwili ilikuwa mizima, imechoka tu. Nikaweka kiganja kimoja huku, kingine kule, nikangoja. Mama alikuwa analia bila sauti. Sikuacha. Nilipomaliza nikaiambia miguu yake afoyo, na yeye akasema hili neno hajalisikia ndani ya nyumba tangu weye.

Tate, hukunijibu kwa nini ulinyamaza. Najua hutajibu. Kile kiganja jana hakikuja, na nilikitafuta. Kama utarudi, rudi. Kama umemaliza, pumzika. Mwezi huu Muzee Ramazani akileta mugongo wake, nitamufungulia mulango na nitamuuliza mimi mwenyewe, kwa kinywa, wapi panauma, tangu lini, na wapi hapaumi. Pale pasipouma njo nitaanza. Nakuahidi hivyo kwa kila mutu, hata siku ambayo nina haraka, hata kama mvua inapiga mabati.

Mukeka nitaukunja leo, na Jumapili nitautandika tena kwa ajili ya katoto ka Jolie.

Lala, Tate. Afoyo. Muguu muzima kwanza.

Nimesikia.

Mujukuu wako,
Neema