Maziwa Niliyomwaga Kwenye Ndoo ya Mwende

Jumatatu, saa nne asubuhi. Ukungu umefunika Mbooni yote, hata choo sikioni nikiwa mlangoni. Roho yangu pia haijakaa vizuri.

Mwende mwanangu, nakusalimu kwanza. Baba yako anakusalimu, kifua kimepungua, ameenda kuangalia maharagwe. Susu, nyanya yako, anakusalimu sana, amekaa hapa karibu na moto, anauliza kama wewe ni yule mjukuu mrefu ama yule mfupi. Nimemwambia ni yule mrefu, akasema basi akusalimu mara mbili. Kanini mdogo wako anakusalimu, amefunga shule, ndiye ananionyesha pa kubonyeza. Mama Kioko jirani anakusalimu. Hata ng'ombe hajambo, ingawa yeye leo sitaki kumtaja sana.

Wewe ndiye ulinifungulia hii blogu. Ulisema, "Mwaitu, ukishikwa na wasiwasi usinipigie mara nane kwa siku. Andika, mimi nitasoma." Niliishia darasa la tano, lakini nimeandika mambo ya kuku, nimeandika mambo ya mvua, na kila mara ulijibu.

Tangu Jumamosi hushiki simu. Sasa naandika.

Wengine mnaosoma mjue kwamba Mwende ni kifungua mimba wangu. Ako na duka dogo pale Wote, la aiskrimu anayotengeneza mwenyewe na kitu kinaitwa wafo. Wafo ni unga kama wa chapati za maji, lakini unafinywa kwenye chuma cha moto mpaka unatoka na vishimo vishimo vya mraba. Duka lina miezi mitatu. Mimi sikuwa nimekanyaga huko hata siku moja.

Na niseme ukweli, kwa sababu hapa ndipo pa kusema. Wanawake wa kanisa wakiniuliza Mwende anafanya nini siku hizi, nilikuwa nasema ako ofisini. Mtoto amesomea ualimu, halafu niseme anauza barafu? Nilikuwa naona haya. Mungu anisamehe.

Jumamosi nikasema niende. Na sisi kwetu mama haendi kwa mtoto wake mara ya kwanza mikono mitupu. Nilipoolewa, mama yangu alikuja na kibuyu cha maziwa, akamimina kidogo kwenye chungu changu bila kuniuliza, akasema jiko hili lisikauke. Kwa hivyo nikakamua alfajiri, nikajaza kibuyu, kile ninachosafisha ndani na kijinga cha moto ili maziwa yanukie moshi. Nikashuka mlima na boda boda, nimekikumbatia kama mtoto.

Mwende, duka lako ni zuri. Hayo maneno nilitakiwa kuyasema nikiwa mlangoni. Mimi nikasema, "Kwani hii sakafu unapangusa mara ngapi? Mtu atateleza."

Ukanikalisha, ukaniletea wafo ya moto na aiskrimu ya maembe juu. Hiyo aiskrimu ilikuwa inatoa moshi, mimi nikadhani ni joto. Nikapuliza kama chai. Ulicheka mpaka ukashika meza. Yule mwalimu wa Sunday school aliyekuwa ameketi karibu na dirisha pia akacheka, akasema, "Mama, ukiendelea kupuliza itakuogopa." Nikacheka na mimi. Meno yaliniuma lakini nilimaliza, nikakwangua sahani. Ukaniuliza, "Mwaitu, ni tamu?"

Nikasema, "Ni tamu kiasi."

Kiasi! Sijawahi kuonja kitu kama kile tangu nizaliwe.

Halafu ukatoka nje kupokea mayai. Ndani nikaona ile ndoo nyeupe ya maziwa ya aiskrimu imefunikwa, imewekwa kwa barafu. Nilijua ni ya nini, ulikuwa umeniambia. Watoto wa Sunday school walikuwa wanakuja saa tisa, wote, na ni mara ya kwanza kanisa kukupa kazi kubwa namna hiyo. Wakifurahi, watakuletea harusi zao na sherehe zao zote. Ulikuwa umeamka saa kumi alfajiri kuchemsha hayo maziwa na kuyapoza.

Nikafunua. Nikamimina kibuyu chote.

Nimejiambia siku mbili hizi kwamba nilikuwa nabariki. Ni kweli, nilisema hata maombi. Lakini kubariki ni kidogo tu, mama yangu alimimina kidogo. Mimi nilimaliza kibuyu. Nilitaka watoto wakila waulize mbona ni tamu hivi, na wewe useme ni maziwa ya mama. Hiyo ndiyo ilikuwa ndani ya roho yangu.

Uliporudi ulisimama tu. Vile vipunje vyeusi vya makaa vilikuwa vinaelea juu, na harufu ya moshi imejaa jikoni.

"Mwaitu, umeweka nini?"

"Maziwa ya nyumbani."

"Umeyachemsha?"

"Ya nini kuchemsha na nimekamua leo?"

Ukakaa chini, kwenye kreti ya soda. Ukasema pole pole kwamba huwezi kupatia watoto wa watu maziwa mabichi, na hakuna wakati wa kuchemsha upya na kugandisha. Hukupiga kelele. Afadhali ungepiga.

Ningesema pole hapo hapo, maneno yangeisha. Lakini yule mwalimu alikuwa amesimama mlangoni anaangalia, na mimi nikashikwa na aibu, na aibu ikishika mtu mzima inageuka kuwa mdomo. Nikasema kwa sauti, asikie, "Wewe ulilelewa na maziwa haya haya na hukufa! Leo yamekuwa uchafu? Kazi yenyewe ni ya kuuza barafu, si ya udaktari!"

Mwalimu akaangalia chini. Wewe ukaniangalia mimi. Hiyo sura ndiyo naiona nikifunga macho.

Ukamwita mwalimu pembeni ukaongea naye, sikusikia. Ukamwaga ndoo yote. Ukaosha kibuyu changu mara mbili kwa maji ya moto, ukakikausha, ukakiweka kwenye kiondo, ukanisindikiza mpaka kwa boda boda. Ulisema, "Safari njema." Kwetu mtoto hamwambii mama yake "safari njema" kama mgeni. Anasema "ukifika unipigie."

Nilipofika nilipiga. Hukushika.

Halafu nikafungua kiondo. Chini ya kibuyu kulikuwa na wafo mbili zimefungwa kwa karatasi, umeandika moja "Baba" na nyingine "Susu". Yaani na hasira zote zile, na watoto wanakuja saa tisa, bado hukuacha chombo cha mama yako kirudi bila kitu. Nilikaa kitandani nikalia na karatasi mkononi. Susu alikula yake akala na ya baba yako, akauliza kama huko Wote kuna zingine.

Jana kanisani baada ya ibada, wanawake walikuwa wamekaa kwa nyasi. Mama Kioko akaniuliza, "Ulimpata mtoto ofisini?" Nikasema hapana. Nikasema Mwende hana ofisi, ako na duka la aiskrimu anayopika kwa mikono yake, na mimi nimeenda nikamharibia kazi ya watoto wa kanisa kwa ujuaji wangu. Kisha Mama Kioko akasema, "Ngai! Sasa wewe ulisemaje pole?"

Ilibidi nifikirie. Mwende, nimelea watoto watatu, na nikitafuta siku niliyomwambia mmoja wenu "nimekosa", sipati. Nikikosea nilikuwa napika kitu kizuri, mnakula, tunanyamaza. Baba yangu alikuwa hivyo. Mama yangu pia. Tulidhani mzazi akisema hilo neno nyumba itaanguka.

Nimekosa.

Nimekosa kumwaga maziwa bila kuuliza. Nimekosa kusema yale maneno mbele ya mtu. Nimekosa kuficha kazi yako kwa watu miezi mitatu. Na haikuwa tamu kiasi, ilikuwa tamu, tamu kabisa.

Nimeandika hivyo na nyumba bado imesimama. Kanini amesoma juu ya bega langu, akaenda nje, nafikiri analia. Ama ameenda kwa kuku, sijui.

Sasa wasiwasi wangu ni huu. Uliwaambia nini wale watoto saa tisa? Kanisa limekuacha ama mwalimu amekuelewa? Kama kuna mtu wa kuombwa msamaha huko, niambie jina lake nije nimwombe mwenyewe, mbele yako, kwa sauti ile ile niliyokutukana nayo.

Tafadhali nijibu haraka, hata leo, hata kwa neno moja. Kama umenisamehe, sema. Kama bado una hasira, andika kwamba bado una hasira, hiyo pia ni habari nitakaa nayo. Kunyamaza kwako ndiko siwezi, mwiitu wakwa, binti yangu.

Ni mimi mama yako.