Mume Wangu Haamini Kuwa Ni Yeye Aliyepiga

Mama Advera, shikamoo. Nakuandikia nikiwa sijui nishike lipi, mume wangu Gerson amepiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu ya Moraviani hapa Tabora tangu hatujaoana, sasa mwaka jana kiharusi kikampata, anatembea, anaongea, ila vidole vya kushoto vinagusa tu, haviwezi kubana nyuzi, nikawa namwekea nyimbo zetu za zamani kwenye simu ili asinyong'onyee, basi shemeji yangu Amon wa Nzega akatuletea gitaa la midi, ni shingo ya gitaa yenye vitufe laini badala ya nyuzi, lenyewe halina sauti mpaka uliunganishe na simu, nikaunganisha, nikaweka na spika ndogo isiyo na waya pale dirishani, Gerson akagusa, likalia, mama, nikapiga vigelegele, yeye akatoa mkono, akasikia sauti bado inamalizikia kule dirishani, akaniambia, "Mama Elieth, umeniwekea kaseti. Usinibembeleze kama mtoto." Nimeapa, haamini. Halishiki tena, na jana kasema hata gitaa lake la nyuzi wapewe vijana wa kwaya. Je, nimrudishie shemeji chombo chake? Naumia, mama. Mume wangu yumo ndani lakini simwoni.

Gaudensia, Kitete

Marahaba, Gaudensia. Pole sana, barua yako imeniliza. Lakini mwenzangu, nawe una haraka! Umemzoesha kusikia simu ikimwimbia, halafu siku hiyo simu unaishika wewe, sauti inatokea dirishani, tena imechelewa, maana spika zisizo na waya ndivyo zilivyo. Hata mimi ningesema kaseti.

Usirudishe kitu. Spika hiyo ifungie kabatini, tafuta za masikioni zenye waya. Chagua mlio mmoja tu, wa gitaa, zima data meseji zisiingilie, na simu iwe mapajani kwake. Aunganishe mwenyewe, wewe toka nje ukachambue mboga. Asianze na wimbo, aanze na kitufe kimoja, akiguse na kukiachia. La nyuzi libaki ukutani, hayo si ya kuamua mtu akiwa na uchungu.

Sasa la kuuma. Gerson yule wa solo huenda asirudi, na vitufe havitamrudisha. Mlilieni pamoja, acheni kufichana machozi.

Siku atakapokuita usikilize, atakosea, na atakosea vibaya. Usipige vigelegele. Mwambie, "Umekosea, rudia," kama mlivyokuwa mkiambiana mazoezini. Nyimbo za kwenye simu hazikosei kamwe. Akisikia kosa lake, ataujua mkono wake.