Handaki Nililoliita Mfereji

Kisugu, Kampala
Jumapili, baada ya misa

Kwako baba yangu, Tata,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umekaa vizuri, na kwamba goti limepunguza kukusumbua tangu mvua zilipokatika. Mama je, kikohozi kimemwachia? Mimi mwili ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungeanza kunihurumia kabla sijamaliza, na sistahili.

Sina kazi tena, Tata. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, na kampuni imekataa kuniajiri moja kwa moja. Chanzo ni mimi.

Mwanzoni mwa mwaka walinituma kupima kiwanja kwenye kilima kimoja huko Bunyoro, mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Tajiri mmoja alitaka kujenga maghala ya mahindi. Nilikuta handaki limekizunguka kilele chote, nyasi zimelijaa, na nilipoingia ndani ukingo ulinipita kichwa. Nikiwa bado napima, akaja bibi mmoja mwenye shamba la ndizi hapo chini, anaitwa Nyakato. Aliongea Kinyoro, mimi nikamjibu kwa Kihaya chetu, tukaelewana kama watu wa nyumba moja. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikumwelewa.

Aliniambia pale palikuwa ngome. Waingereza walipopigana na mfalme wa Bunyoro walijenga ngome za udongo mpakani, wakaweka askari Wasudani wazilinde. Kuchimba, walichimba wanakijiji waliokamatwa majumbani. Babu yake alikuwemo, pamoja na kaka yake mkubwa. Siku moja ukingo ukaporomoka, ukamfunika yule kaka.

"Babu alianza kumfukua kwa mikono," Bibi Nyakato alisema. "Askari wakamvuta. Waliogopa kushambuliwa, walitaka handaki likamilike kabla ya jua kuzama. Babu na wenzake wakaambiwa waendelee kuchimba pembeni yake. Yumo humu mpaka leo." Kisha akanishika mkono. "Mwanangu, wewe ndiye unayeandika. Waandikie hivyo."

Nikamwambia nitaandika.

Niliporudi Kampala nikamweleza bosi. Hakunifokea. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, akaniita nyabo, yaani bibie, kwa upole. "Ukiandika ngome, nyabo, watu wa mambo ya kale watasimamisha kila kitu. Andika mfereji wa maji ya mvua. Si maji yanapita humo?" Akaongeza kwamba miezi ya majaribio ikiisha ataamua nani abaki kazini. Tata, nilifuta neno moja nikaandika jingine. Haikunichukua hata dakika. Halafu nikaenda kula.

Wiki chache baadaye nikatumwa tena kuweka alama za msingi. Tingatinga lilikuwa limemaliza. Kilele kilikuwa tambarare kama meza, udongo mwekundu mtupu, na Bibi Nyakato amesimama katikati akigeuka huku na huku, hajui tena aelekee wapi kumwonyesha mtu mahali alipofukiwa yule kaka wa babu yake. Nilimfuata nikamwambia ukweli, kwamba ni mimi niliyeandika mfereji.

Aliacha kugeuka, akanikabili. "Sasa unaniambia ili iweje? Ili nikutulize?"

Nilikumbuka ulivyokuwa ukitusimamisha mbele ya boma la Wajerumani pale Bukoba, ukianza habari za mawe aliyobebeshwa babu yako, nami nikikukata: "Tata, tutachelewa." Mpaka leo sijui aliyabeba kutoka wapi. Nisamehe kwa hilo, na unisimulie, hata kama utachoka ukapumzika katikati.

Daftari langu la vipimo lilikuwa bado na upana na kina cha handaki. Nililipeleka serikalini, ofisi ya mambo ya kale, pamoja na barua ya kukiri. Ofisa alisoma yote, akavua miwani. "Nyabo, hapa hakuna tena cha kulinda. Tunaweza kuandika tu kwamba ilikuwepo." Habari zilimfikia bosi siku iyo hiyo, na mengine umeshayasoma.

Juzi nilichora ramani ya ngome kwa vile vipimo, nikampelekea Bibi Nyakato nakala. Aliiweka mapajani, akapitisha kidole polepole kwenye mzunguko wote, kikasimama upande wa mashariki.

"Yeye umemwandika wapi?"

"Sijamwandika, Bibi. Sikuwahi hata kukuuliza jina."

"Byaruhanga."

Nikatoa kalamu. Akanishikia karatasi isisogee, nikaandika pale pale kidole chake kilipokuwa. Alitaka nimsomee herufi moja moja, ingawa yeye mwenyewe kusoma hajui, mpaka akaridhika. Kisha akakunja ramani akaingia nayo ndani. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza.

Nisalimie Mama sana. Msalimie shangazi msuka mikeka, na mjomba katekista aniweke kwenye sala zake. Kaka Deo fundi baiskeli mwambie asitangaze habari zangu mtaani, nitazisema mwenyewe. Mama Furaha, jirani yangu Mkongo anayenipikia siku hizi bila kuniuliza kitu, anawasalimu nyote.

Ni mimi mwanao, ninayeona aibu lakini sikuficha,
Anastazia