Kamba ya Mvukuto

3 Februari

Binti yangu,

Nina miaka sabini na tisa. Nimedumu kuliko wahunzi wanne walionifundisha kazi, fuawe mbili zilizopasuka, meno yangu yote ya juu, na yule daktari aliyesema sitafika sitini. Yeye ndiye tuliyemzika. Kwa hiyo ukiniuliza hali yangu, jibu ndilo hilo. Na wewe je? Unakula? Kile kikohozi kimekuacha?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimeelewa kwamba umepata kazi kwenye maabara ya saratani, mnachunguza kitu kidogo ndani ya mwili kinaitwa jeni. Nimemwambia kila mtu anayeleta jembe. Mwalimu wa shule akauliza jeni hiyo inafanya nini. Nikamwambia mambo makubwa hayasemwi barabarani. Sasa niambie upesi, maana Ijumaa ya pili anarudi kuchukua panga lake.

Mguu upo. Lile jeraha la moto linatoa maji bado, mwaka wa kumi na moja huu, na siku hizi limeota kinundu pembeni. Naliosha kwa maji ya kuzimia chuma, kama walivyofanya wakubwa zangu. Mhunzi haozi.

Baba yako.


11 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, kikohozi kimeisha, nakula. Barua yako imenichekesha, halafu imeniogopesha.

Mwambie mwalimu hivi. Mwili ukiumia, pale mahali panawaka: panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto. Ni moto wa kazi, kama wako. Unaua vijidudu, unaunga nyama. Kazi ikiisha, lazima mtu aseme "basi". Jeni yetu ni agizo lililomo ndani ya chembe za mwili, na kazi yake ndiyo hiyo, kusema basi.

Unakumbuka siku ulipoungua? Ulimpigia kelele Mvukuto, msaidizi wako wa kupuliza moto, aache kuvuta. Masikio yake yalishakufa kwa nyundo zako, akaendelea kupuliza moto tu. Chuma kikapita kiasi, kikarusha cheche, kipande kikakuangukia mguuni. Mwili ambao jeni hii imeharibika uko hivyohivyo, hakuna anayesikia basi. Na hata ikiwa nzima, moto wa miaka kumi na moja unaweza kuizidi nguvu. Chembe mpya zinazaliwa mbiombio kuziba kidonda, na kwenye haraka zinakosea. Saratani huanzia kwenye makosa kama hayo.

Baba, nakuomba. Kinundu hicho kikatwe kipande, kipimwe. Wiki hii. Na yale maji ya chuma uyamwage.

Mwanao.


4 Machi

Binti yangu,

Sisi hatujambo. Mwalimu amekaa kwenye benchi langu saa nzima nikimfundisha. Alitikisa kichwa mpaka nikamhurumia shingo.

Lakini umesahau jambo moja kubwa. Kamba! Baada ya siku ile nilimfunga Mvukuto kamba kwenye kifundo cha mguu, ncha nyingine nikaishika mimi. Nikivuta, anaacha. Miaka kumi na moja hatujaunguza hata kisu cha kumenyea viazi. Waambie wakubwa zako watafute kamba. Na waseme wameipata kwa nani.

Hospitali siendi. Nina kazi.

Baba yako.


15 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Kamba ndiyo hasa tunayoitafuta, dawa itakayosema basi pale jeni iliposhindwa. Mkuu wetu alicheka nilipomsimulia, kisha akaandika "kamba ya Baba" ubaoni. Mfagiaji amekatazwa kuyafuta maneno hayo.

Lakini kamba ya mguu wako hatujaipata. Leo kilichopo ni kisu cha daktari, na wewe kisu huwezi kukiogopa, unavitengeneza. Unaogopa nini, Baba? Niambie mimi.

Mwanao.


2 Mei

Binti yangu,

Salamu. Siogopi kitu.

Ila Mvukuto hajui. Mwaka ule nilipoungua alikaa siku nne hali chakula, akisema mkono wake umenilemaza. Nikamwambia jeraha limepona. Tangu hapo navaa suruali ndefu hata jua likiwaka, nafunga kitambaa, nakifulia nyumbani. Nikilazwa atauliza nina nini. Mtu ambaye nimefanya naye kazi miaka thelathini nimwambie nini? Kwamba aliniua polepole na mimi nikamdanganya?

Usimwambie mtu. Mwalimu hasa.

Baba yako.


10 Mei

Baba yangu,

Sasa nimekuelewa, na nimelia. Lakini fikiria siku ukifa na mguu huo, na yeye ndiye anakuosha. Ataliona jeraha. Atalijua wakati huna tena mdomo wa kumwambia hukumlaumu.

Mwanao.


28 Juni

Shikamoo Baba,

Siku arobaini na tisa hujajibu. Nijibu hata kwa matusi.

Mwanao.


11 Agosti

Binti yangu,

Sijambo, na safari hii daktari ndiye anayesema.

Barua yako ya Juni ilinikuta nimepandisha suruali, nafukuza nzi. Mara Mvukuto kaingia. Nikaishusha haraka. Akasema kwa sauti yake ile ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, "Acha kuficha, bwana wee! Mimi nimeziba masikio, sijaziba pua. Mwaka wa kumi na moja naunusa mguu wako!"

Nikamuuliza mbona alinyamaza. Ilibidi niulize mara tatu, majirani wakasikia wote. Akasema, "Nilikuona unavyohangaika kunificha nisiumie. Nikasema nikikwambia najua, nitakunyang'anya wema wako."

Nikapandisha suruali mwenyewe, mchana kweupe. Mimi!

Basi akafungua kamba mguuni mwake, akanifunga mimi, kwenye mguu usio na jeraha. Akashika ncha. Akasema, "Nikivuta, unakuja." Akanivuta barabara nzima mpaka hospitali, watu wanatazama, mwalimu anatuamkia.

Walipima kinundu. Ilikuwa saratani, imeshaanza. Wamelikata jeraha lote, na nyama ya pembeni, wakachuna ngozi ya paja wakaziba. Mguu umebaki. Haijatembea kwingine, wamesema, ila nirudi kila miezi mitatu waangalie. Nilimwomba daktari kile kipande nikutumie mkakisome huko. Akakataa, ati hakisafirishwi kwenye bahasha. Si msomi kama wewe.

Mvukuto alilala sakafuni chini ya kitanda changu siku tisa. Alikoroma wodi nzima ikahama upande mmoja.

Maji ya chuma nimemwaga. Moto wa kiwandani nimeuzima pia, mara ya kwanza tangu uzaliwe, na jana nimeuwasha upya kwa kibiriti. Unawaka vilevile. Sikujua.

Kama unadhani naongeza chumvi, muulize muuguzi aliyetaka kuikata kamba kwa mkasi nikamzuia, nikamwambia hiyo ipo ubaoni kwa wataalamu. Au muulize Mvukuto mwenyewe. Ila yeye muulize kwa sauti.

Baba yako.